Login si kitenzi, jamani!

Najua nimepotea. Kazi zimekuwa nyingi, na kila nikikaa niandike kitu hapa nakumbuka kuna hitilafu mahali fulani inaningoja. Lakini leo nimekasirika, na mtu aliyekasirika huandika haraka, kwa hivyo mnivumilie.

Habari yenyewe ni hii. Juzi nilituma marekebisho ya msimbo kazini. Marekebisho madogo sana, mistari 31. Hakuna hesabu iliyobadilika, hakuna hifadhidata iliyoguswa. Nilipita tu katika skrini zote za mfumo wetu, na kila palipokuwa na kitufe kilichoandikwa "Login" nikaandika "Log in". Palipokuwa na "Please login to continue" nikaweka "Please log in to continue". "Setup your account" ikawa "Set up your account". "Backup now" ikawa "Back up now". Basi. Haikupita nusu saa yakarudishwa yamekataliwa, na maelezo ya maneno matatu: "Inaeleweka. Acha hiyo."

Inaeleweka! Hilo neno ndilo ninalotaka kupigana nalo leo.

Tuanze na sarufi ndipo tugombane vizuri. "Login" ni nomino. Ni jina la kitu: lile jina na nenosiri unalotumia kuingilia, au tendo la kuingia likihesabiwa kama kitu. Ukitaka kulitumia kama kivumishi, kama katika "login page", pia sawa, sina neno. Lakini kitenzi ni "log in". Maneno mawili, na katikati pana nafasi. Vivyo hivyo "set up", "back up", "shut down", "sign up", "check out". Mnabisha? Haya, tupeleke kwa wakati uliopita. Jana ulifanya nini? "I logged in." Hakuna mtu, hata huyo aliyenikatalia, anayeandika "I logined". Alama ya wakati uliopita inashika "log", haishiki "in", kwa sababu kitenzi ni "log" na "in" ni mwenzake anayemfuata nyuma. Jaribio la pili: pasua katikati. "Log me in." "Set it up." "Back it up." Ikiwa unaweza kuchomeka kitu katikati na sentensi ikabaki nzima, basi pale hapakuwa na neno moja. Sasa jaribu "backup it" mbele ya mwalimu wako wa zamani wa Kiingereza, kisha uniambie alikutazamaje.

Kwa nini basi tunakosea, sisi ambao wengi wetu tulipata gredi nzuri za Kiingereza kwenye KCSE? Nimelifikiria sana (ndani ya matatu, foleni ya Thika Road ni chuo kikuu) na naona lawama ziende kwa mashine kwanza, halafu kwa Kiswahili chetu wenyewe.

Mashine ilianza zamani. Mwaka 1961 pale MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mojawapo ya mifumo ya kwanza iliyowezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Watu wakiwa wengi lazima kila mmoja ajitambulishe, na amri ya kujitambulisha ikaitwa LOGIN, pamoja. Unix nayo ina `login` tangu kitabu chake cha maelezo cha kwanza cha 1971. Kwa nini pamoja? Kwa sababu kwenye amri, nafasi ina kazi: inaonyesha mahali jina la programu linapoishia. Fungua dirisha la amri uandike `log in` uone. Kompyuta itatafuta programu inayoitwa `log` na kutaka kuikabidhi neno `in`. Yaani mashine yenyewe inatuambia kwamba hayo ni maneno mawili! Aliyeyaunganisha aliyaunganisha kwa sababu ya kizuizi cha mashine, kama vile tunavyoita faili `ripoti_ya_mwezi` na mistari yake ya chini. Hakuna anayemwandikia bosi barua akasema "nimeambatisha ripoti_ya_mwezi".

Najua kuna mjuaji atakayeniletea ARPANET. Ndiyo, tarehe 29 Oktoba 1969 mwanafunzi wa UCLA, Charley Kline, alijaribu kuingia kwenye kompyuta ya Stanford Research Institute kupitia mtandao uliokuja kuzaa intaneti, na neno lililokuwa likitumwa ni "LOGIN". Zikafika herufi mbili, L na O, mfumo ukaanguka. Historia tamu. Lakini Kline alikuwa anaipa mashine amri, hakuwa anamwandikia mtu sentensi. Kitufe kwenye skrini yako kinasomwa na mtu.

Na kabla hatujaondoka hapo, mnajua hiyo "log" ilitoka wapi? Ni gogo. Mabaharia wa Kizungu walifunga kipande cha ubao kwenye kamba yenye mafundo, wakakitupa majini, wakahesabu mafundo yanayopita mkononi ili wajue mwendo wa meli. Hesabu ikaandikwa katika daftari, daftari likaitwa kwa jina la ule ubao, na "to log" ikawa kuandika katika daftari. Kwa hivyo "to log in" ni kuandikwa daftarini kwamba umeingia. Ukitaka kuona jambo hilo kwa macho yako nenda jengo lolote hapa Nairobi. Pale langoni yuko askari na daftari lake limechorwa mistari kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, unaenda kwa nani, saa ya kuingia, sahihi. Askari hasemi "Daftari!" kisha akunyamazie. Anasema "Andika hapa." Anajua tofauti ya nomino na amri, na hana digrii ya kompyuta.

Lawama ya pili ni tamu zaidi kwangu, kwa sababu ni yetu. Katika Kiswahili tunachozungumza ofisini, "login" NI kitenzi. "Umelogin?" "Sijalogin." "Akilogin mwambie asetup akaunti." "Mlibackup?" Mnaona kinachotokea? Kiswahili hubebesha kitenzi mzigo mbele: nafsi, wakati, kukanusha, vyote vinakaa mwanzoni. Kwa hivyo tunameza neno zima la Kiingereza, tunalipachika viambishi vyetu mbele, na halitusumbui kabisa. Kiingereza hubebesha nyuma, tena nyuma ya kipande cha kwanza, na ndiyo maana hakiwezi kuvimeza vipande viwili pamoja. Sikio nalo halitusaidii. Mwingereza akitamka nomino hukaza sauti mwanzoni, LOG-in. Akitamka kitenzi hukaza ile "in". Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, tangu tunyonye, basi zote mbili zinatutoka sawa. Sina ugomvi na "nimelogin", mimi mwenyewe nalisema kutwa. Ugomvi wangu ni pale tunapolichukua neno tulilokwisha kulimeza na kulitema kwenye skrini ya Kiingereza tukidhani bado ni Kiingereza.

Haya, sasa "inaeleweka".

Mtu wa fani nyingine akiniambia nafasi moja si kitu, nitamwelewa. Mwandishi wa programu? Wewe ambaye Python inakugomea kwa sababu ya nafasi iliyozidi mwanzo wa mstari? Mwaka 2011 kulikuwa na mradi wa Linux unaoitwa Bumblebee, wa kuendesha kadi za Nvidia kwenye laptopu. Skripti yao ya kusakinisha ilikusudia kufuta saraka moja iliyokuwa ndani sana ya `/usr`. Kwa bahati mbaya baada ya `/usr` ikaingia nafasi moja. Basi ikawa amri ya kufuta `/usr` yote, na watu wakapoteza mifumo yao. Nafasi moja! Hata Kiswahili kina hayo. "Hapa na pale" ni jambo moja, "hapana pale" ni jambo jingine. "Mwanamaji" yuko Mtongwe na magwanda yake meupe. "Mwana maji" simjui ni nani. Tukiandika "kwasababu" kwenye insha mwalimu alichora duara jekundu, nasi tukaona ni haki yake.

Lakini hayo yote ningeyaacha yapite. Sikukasirika kwa sababu ya duara jekundu. Kuna jambo sijawahi kuliandika hapa.

Mwaka 2022 nilipata kibarua cha pembeni. Chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa maziwa, huko milimani kwenye baridi (jina na kaunti nabaki nayo), kilitaka programu ya kuweka hesabu za kilo. Mkulima huleta maziwa alfajiri, karani anapima, anaandika kilo kwenye kadi ya mkulima na kwenye daftari kubwa, halafu jioni zinaingizwa kwenye kompyuta. Mwisho wa mwezi mashine inapiga hesabu ya malipo. Niliiandika kwa Kiingereza, kamati ikaiona, ikasema vizuri sana, sasa ilete kwa Kiswahili.

Nilitumia gettext, kama wengi wetu. Kwa wasioijua: unapitisha kifaa kwenye msimbo wako, kinakusanya maneno yote ya Kiingereza yanayoonekana kwenye skrini na kuyaweka katika faili moja, mfasiri anajaza Kiswahili chake mbele ya kila ingizo. Na hapa sikilizeni vizuri: maneno yakifanana herufi kwa herufi, kifaa kinayahesabu kuwa ingizo moja. Mimi nilikuwa na "Backup" mahali pawili. Pa kwanza ni kichwa cha orodha ya nakala zilizokwisha kuwekwa, nomino halali. Pa pili ni kitufe kwenye skrini ya kwanza, cha kumwambia karani aweke nakala kwenye flashi. Ile ya pili ilikuwa kitenzi, ilipaswa kuwa "Back up". Niliandika "Backup". Inaeleweka, sivyo?

Basi faili likaenda kwa rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili likiwa na "Backup" moja tu. Yeye hakuona skrini yoyote. Aliona nomino ya Kiingereza, akaweka nomino ya Kiswahili, "Nakala ya akiba". Hakukosea hata kidogo. Na kwenye skrini ya kwanza, juu kulia, kwa rangi ya kijani niliyojivunia sana, bila mpaka wala kivuli kwa sababu mtindo wa siku hizi ni kitufe kisichofanana na kitufe, kukatokea maneno haya: Nakala ya akiba.

Karani alikuwa mama mmoja makini kuliko mimi. Kila jioni akimaliza kuingiza kilo anaangalia pale juu, anaona kijani, anazima kompyuta, anaenda nyumbani. Ilikwenda hivyo karibu wiki nane. Halafu usiku mmoja wa Januari stima zikapotea, zikarudi kwa kishindo, na diski ikafa.

Alinipigia asubuhi. "Kijana wangu, hii kitu imekufa. Lakini si tuko na ile nakala?"

"Ulikuwa unabonyeza ile ya kijani, mama?"

"Kubonyeza nini? Si imeandikwa nakala ya akiba? Nilijua iko."

Fikirini maneno hayo. Alisoma Kiswahili sanifu, akakielewa sawasawa. Nomino husema kitu kipo. Kitenzi ndicho kinachosema fanya. Skrini yangu ilimwambia kila jioni kwamba nakala ipo, naye akaiamini.

Wakalazimika kuingiza upya wiki nane kutoka kwenye daftari kubwa, ukurasa kwa ukurasa, yeye na vijana wawili. Malipo ya wakulima yalichelewa karibu wiki mbili, na ni Januari, mnajua Januari ni nini kwa mzazi wa Kenya. Kamati ikaitana. Mwenyekiti akasema karani hakufuata maagizo, akatwe nusu mshahara. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa pale na laptopu yangu na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, na sikusema kitu. Nilijiambia nilimfundisha (alasiri moja, na sehemu ya nakala niliipitia mbiombio kwa sababu gari la mwisho lilikuwa linaondoka). Yule mama hakunitazama.

Ni usiku wa siku ile, nyumbani, nilipofungua faili la gettext kutafuta lile neno la kitufe nikalikosa, kwa sababu halikuwepo. Kulikuwa na ingizo moja mahali palipotakiwa mawili. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kurudi. Nilisimama mbele ya kamati ile ile nikawaeleza. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Kwa hivyo ni shida ya herufi?" Nikamwambia si herufi, mzee, ni nafasi. Mshahara wake walimrudishia mwezi uliofuata.

Sasa nazisikia pingamizi zenu, na nyingine ni za haki. Ndiyo, gettext ina njia ya kuongeza muktadha ili maneno yanayofanana yatenganishwe, na imekuwa nayo tangu 2006. Nilipaswa kuitumia. Ndiyo, kitufe kifanane na kitufe. Ndiyo, nakala ingepaswa kujiweka yenyewe usiku bila kumsumbua mtu. Siku hizi inajiweka. Ningefanya lolote kati ya hayo, yule mama asingeumia. Lakini angalieni kwamba hayo yote ni kazi ya ziada, na lililoachwa lilikuwa kubonyeza kitufe kirefu cha chini mara moja. "Back up" na "Backup" zingekuwa maingizo mawili, mwalimu angeona kimojawapo ni kitenzi, angeandika "Weka nakala". (Na wala msidhani Kiswahili kiko salama. Mwingine angeandika "Hifadhi", ambayo ni nomino na ni kitenzi pia, na tungerudi pale pale. Ndiyo maana napenda "weka".)

Mtasema lugha hubadilika. Hubadilika, sikatai. "Data base" ikawa "database", "e-mail" ikawa "email". Hizo ni nomino, na nomino za Kiingereza hupenda kuungana zikizoeana. Vitenzi vya namna hii haviungani, kwa sababu ile "-ed" na ile "-ing" zimesimama mlangoni katikati. Siku mtakapoandika "logined" bila kucheka, nitafute, nitafuta makala hii. Wengine wamekimbilia "sign in", na mwongozo wa uandishi wa Microsoft nao unaipendelea hiyo. Sawa, lakini mara hii hii nimeanza kuona "Signin" na "Signup" vimekaa bega kwa bega kama mapacha. Tumehama nyumba tukabeba kunguni.

Sitaki kugusa majina ya `login()` kwenye msimbo, wala anwani inayoishia na `/login`. Pale nafasi haiwezekani na mashine haijali. Na kati ya "log in to" na "log into" mimi niko upande wa maneno matatu, ila hapo simwagi damu. Ninachotaka ni maneno anayosoma mtu. Tazameni "Lipa na M-Pesa". Lipa. Hakuna mama mboga wala mteja wake anayejiuliza neno hilo linatangaza kitu au linamwagiza afanye kitu.

Asubuhi hii nimeyatuma tena marekebisho yangu, mistari ile ile 31. Mara ya kwanza kwenye maelezo niliandika "nimesahihisha tahajia", na nadhani hapo ndipo nilipojiponza. Safari hii nimeandika: "Vitufe 9 havimwambii mtumiaji afanye nini." Mpaka saa hii hakuna aliyejibu. Haya, naona wenzangu wanarudi kutoka chai. Tutaonana.